Kilengeo cha Gobori la Shangazi Verla

Alder Fork, Utah
1 Juni 2024

Kesley mwanangu,

Salamu nyingi kutoka bondeni. Sisi ni wazima. Mjomba wako Dell anagombana na kinanda cha kanisani. Panya wameingia tena, na Jumapili wimbo wa kufungulia ibada ulikuwa na sauti moja inayokoroma katikati. Watu walidhani ni Mzee LaMar amelala. Mama yako alikuja Jumanne na trei ya viazi vya jibini, akakaa saa mbili akinilalamikia kwamba binti yake wa pekee amekwenda kuishi kwenye kibanda cha vioo juu ya mlima huko Idaho ili kuchungulia moshi. Nimekutetea. Nimesema angalau mtoto analipwa kwa kutazama dirishani, wengine tunatazama bure.

Sasa kaa chini. Umekaa?

TUMEPATA! Vibali vyote viwili, wewe na mimi, kulungu dume mmoja kila mtu, msimu wa magobori, mlima ule ule niliouomba miaka kumi na saba! Dell ndiye aliyefungua barua pepe. Alinisomea kwa ile sauti yake ya matangazo ya msiba, nikamwambia soma tena, akasoma tena, nikatoka nje mbio nikipiga kelele. Kuku hawajataga tangu siku ile.

Msimu unafunguliwa tarehe 25 Septemba, siku tisa. Gobori la babu yako nimelitoa kabatini na kulisafisha. Tatizo ni moja tu: unajua sheria mpya ya jimbo. Kwenye msimu wa magobori, darubini ya kukuza marufuku. Ile yangu ya kukuza mara tisa sasa ni ya kutazamia mwezi. Kwa hiyo nachagua upya, na sijachangamka hivi tangu niolewe. LaMar wa duka la bunduki ameniwekea kando kile kioo chenye doa jekundu. Hakikuzi kitu, kinawasha nukta tu, unaiweka nukta juu ya kulungu, basi. Anasema hata kipofu anapiga nacho. Nimecheka sana.

Wewe unataka kipi? Andika haraka, maana najua barua zako zinapanda nyumbu.

Shangazi yako,
Verla


Kilele cha Corporal, Idaho
19 Juni 2024

Shikamoo shangazi!

Barua yako imefika jana na msafara wa nyumbu, imenukia jibini na jasho la mnyama. Nilipofika kwenye TUMEPATA niliruka, na ukiruka kwenye kibanda kilichosimama juu ya miguu ya mbao yenye urefu wa ghorofa mbili, kibanda kizima kinaruka nawe. Nimepiga redio kituoni kueleza kwamba kelele zile hazikuwa dubu.

Mimi ni mzima. Nimeona moto mmoja tu mpaka sasa, radi iliyopiga mti mkavu, ukazimwa siku hiyo hiyo. Mwambie mama ninakula, navaa soksi, na hapa juu hakuna mwanamume wa kumtia wasiwasi isipokuwa Lyman wa nyumbu, ambaye ana miaka sabini na meno manne.

Kuhusu kilengeo. Katikati ya chumba changu kuna chombo cha kuonea moto: duara kubwa la chuma lenye namba, upande mmoja kibati chenye tundu jembamba, upande wa pili unywele wa farasi umesimama wima. Ukiona moshi unazungusha duara, unachungulia kwenye tundu mpaka unywele ukate moshi katikati. Wiki ya kwanza nilihangaika kulipanga tundu sawasawa. Siku hizi silitazami kabisa. Jicho lenyewe linatafuta katikati ya tundu bila kuambiwa. Mimi natazama unywele na moshi tu.

Shangazi, si ndivyo kilivyo kilengeo cha tundu? Hakina betri wala kioo cha kuingia ukungu. Kifunge nyuma ya gobori, mbele tuache kinundu cha babu. Naona hicho ndicho changu.

Ila mimi pengine nitakubebea mizigo tu. Wewe ndiye uliyengoja miaka kumi na saba. Tutaongea.

Kesley


Alder Fork
5 Julai 2024

Mwanangu,

Jana ilikuwa gwaride la Uhuru. Dell alipiga kinanda juu ya lori, lori likapita kwenye tuta, wimbo wa taifa ukaruka ubeti mzima. Tumevuna cheri na kujaza chupa thelathini. Mama yako anasema soksi ngapi?

Unanibebea mizigo nini? Una kibali chako, utapiga kulungu wako. Sitaki kusikia habari hiyo tena.

Nimekwenda uwanja wa shabaha mara nne na ninakuletea habari motomoto. Nimeanza na kilengeo cha babu, pengo la nyuma na kinundu cha mbele. Hakifai. Kinundu kimelika, hakina kichwa kabisa, naona shingo tu. Nikampelekea LaMar akakipaka rangi nyeupe. Bado hakina kichwa. LaMar akasema, "Dada Verla, mimi nakiona kama yai." Nikamwambia basi nunua miwani.

Nikafunga kioo cha doa jekundu. Mwanangu, raha! Kioo kikubwa, unaona mlima mzima. Lakini chombo chenyewe kibovu, maana nukta inakuja na kuondoka. Nikiitazama inapotea, nikitazama pembeni inarudi. LaMar amebadilisha betri, akabadilisha na kioo chenyewe. Cha pili nacho ni hivyo hivyo. Vitu vya siku hizi.

Nimeweka karatasi zangu za shabaha ndani ya bahasha hii ujionee. Usihesabu sana. Upepo ulikuwa mkali.

Na Dell amejenga uzio mpya wa bustani ukiwa umepinda kama mkia wa nguruwe. Nimemwambia, akashika kofia, akaingia ndani.

Verla


Kilele cha Corporal
23 Julai 2024

Shikamoo shangazi,

Moshi ni mwingi wiki hii, lakini unatoka mbali. Nimepika skonzi kwa mapishi ya mjomba Dell, zikatoka kama mawe ya mtoni. Nimempa Lyman mbili, akampa nyumbu moja, nyumbu akakataa.

Nimezitandika karatasi zako juu ya kitanda. Pole, nimehesabu. Risasi ishirini, na kumi na tatu haziko kwenye karatasi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuona ukitoboa kifuniko cha chupa ya pichi kwa yadi hamsini, na upepo ukiwa umeipeperusha kofia yako.

Halafu uzio. Shangazi, uzio ule mimi ndiye niliyeuvutia kamba na mjomba mwezi Aprili, kabla sijaja huku. Tulipima kila nguzo. Umenyooka.

Kwa hiyo nimechukua rula nikachora miraba kwenye karatasi iliyo nyuma ya hii, na nukta nyeusi katikati. Vaa miwani yako ya kusomea. Funika jicho la kushoto, tazama nukta kwa jicho la kulia, uone kama mistari yote imenyooka na kama nukta ipo. Halafu badilisha. Fanya mara moja tu, kwa ajili yangu. Usimpe Dell. Fanya wewe.

Nakupenda, na usinune.

Kesley


Alder Fork
9 Agosti 2024

Kesley,

Hatujambo. Joto kali. Nyanya zimeiva.

Miraba yako nimeiona. Unachora vizuri.

Kilengeo cha tundu kimefika, LaMar amekifunga. Sijakijaribu, nina kazi nyingi za pichi. Huenda mwaka huu nikakuachia mlima wewe peke yako, magoti yangu hayataki vilima.

Verla


Kilele cha Corporal
24 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Barua yako ina mistari saba. Nimezoea zako za kurasa tatu, na magoti yako sijawahi kuyasikia tangu nizaliwe.

Sitakuuliza tena kuhusu miraba. Nitakuambia langu kwanza.

Mwaka jana, kwenye korongo la Spindle, nilikuambia nimemkosa yule dume mkubwa. Sikumkosa. Nilikuwa na ile darubini ya kukuza mara tisa, na ndani yake alionekana karibu kiasi cha kumgusa. Alikuwa yadi mia mbili na themanini. Nilijua ni mbali, lakini kioo kilinidanganya, au mimi mwenyewe nilitaka kudanganywa. Nilimpiga nyuma sana. Nilifuata damu kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, nikapoteza alama kwenye mawe. Nilirudi kambini nikakuambia nimekosa, ukanipa mkate wa moto na kuniambia inatokea kwa kila mtu. Nilikula mkate ule nikitamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana nilisema nitabeba mizigo. Na ndiyo maana nataka tundu: kwa tundu, mnyama wa mbali anabaki mdogo kama alivyo, na mimi naujua ukweli.

Basi hilo ndilo langu. Sasa unaweza kuniambia lako au usiniambie. Lakini ikiwa mistari imepinda kwenye jicho moja, nenda kwa daktari wa macho kesho, usingoje Septemba. Kuna ugonjwa wa katikati ya jicho ambao ukiwahiwa husimamishwa, ukicheleweshwa hula jicho. Mama wa rafiki yangu wa kule kituoni alichelewa.

Na jambo la mwisho: una jicho la pili, na una bega la pili.

Kesley wako


Alder Fork
11 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kimya. Leo naandika nyingi, na kwa herufi kubwa, utaona kwa nini.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, kisha nikaisoma tena ndani ya gari. Kuhusu yule dume wa Spindle: nilijua umempiga. Nilisikia risasi ikigota. Nilingoja uniambie, na nilipoona huniambii nikakupa mkate, kwa sababu sikujua la kukupa. Nilipaswa kusema. Sote wawili tulikaa kimya kama mawe. Limekwisha sasa.

Langu ni hili. Mistari ilipinda. Nukta haikuwepo. Jicho la kulia, katikati pana kitu kama alama ya kidole kwenye kioo, na ukikifuta hakifutiki. Kilianza majira ya baridi. Nilijua. Ndiyo maana nilikuandikia kuhusu betri na LaMar na uzio. Niliogopa kwamba nikishalitamka, miaka kumi na saba imeondoka na kibali kimekuwa karatasi.

Nikaenda jikoni kumwambia Dell. Alikuwa anakanda unga. Nikamwambia, "Dell, jicho langu la kulia linakufa."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Tangu Februari unamimina maziwa nje ya kikombe, Verla. Unadhani paka amenenepa kwa nini?"

"Na hukusema!"

"Ulinitukania uzio wangu," akasema, "nikajua hujawa tayari." Kisha akanishika uso kwa mikono yake yenye unga, na nikalia pale pale kama mtoto.

Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda mjini. Daktari ni msichana mdogo, jina lake Priya, mikono mitulivu. Alisema ugonjwa umeshakula kidogo lakini tumewahi kuukamata. Akanidunga sindano ndani ya jicho, Kesley! Ndani kabisa! Nilitegemea kufa, nikahisi kama kubonyezwa tu. Nyingine kila mwezi. La kushoto zima kabisa. Nikamuuliza, "Naweza kuwinda?" Akauliza kwa nini nisiweze, mradi nishike kwa upande wa jicho linaloona.

Sasa sikia. Nimehamia bega la kushoto! Siku ya kwanza nilikuwa kama ng'ombe anayejifunza kucheza dansi. Mkono haujui pa kwenda, shavu halijui pa kulala. Na gobori lina nyundo upande wa kulia, kwa hiyo fataki ikilipuka cheche zinarukia mkono unaoshika mbele. Dell amenishonea mkono wa ngozi kutoka kwenye aproni yake ya zamani.

Kwanza nilijaribu kile kioo chenye doa kwa jicho la kushoto. Nukta ilitulia, haikupotea hata mara moja, kwa hiyo nimemwomba LaMar radhi. Lakini doa lile linafunika karibu kifua chote cha kulungu wa yadi mia, na asubuhi moja ya baridi lilikataa kuwaka. Nikafunga tundu lako. Tundu dogo lililokuja nalo lilikuwa giza tupu, kama kuchungulia ndani ya sindano. LaMar akakifungua kisahani cha ndani na kukitoa, likabaki duara pana tu. Na hapo, mwanangu! Duara lenyewe linafifia, hulioni, unabaki na kinundu cheupe kimekaa juu ya shabaha. KINA KICHWA! Kinundu cha babu kina kichwa, mviringo kama yai, kama LaMar alivyosema!

Risasi tano, yadi sitini, zote ndani ya sahani ya pai. Yadi themanini, tatu ndani, mbili nje. Kwa hiyo nimeapa: sitini, si zaidi.

Njoo haraka. Nimeshafunga mahema.

Shangazi yako mwenye jicho moja na nusu,
Verla


Kilele cha Corporal
20 Septemba 2024

Shangazi!!

Nimeisoma barua yako kwa sauti, nikamsomea na Lyman, akavua kofia kwenye sehemu ya unga na akaivaa tena kwenye sehemu ya sindano. Nimefurahi mpaka tumbo linauma.

Sasa habari isiyofurahisha, na ninaiandika haraka kwa sababu Lyman anaondoka. Juzi radi kavu imeleta mioto sita. Tulipaswa kufunga mnara tarehe 15, lakini tumeombwa tubaki hadi mvua au theluji. Chini ya mmoja wa mioto ile kuna kikosi cha wazimamoto kumi na wawili, na mimi ndiye ninayeona upepo unapogeuka kabla wao hawajauona. Siwezi kushuka, shangazi. Nimeomba kituo kinisaidie kurudisha kibali changu kabla msimu haujafunguliwa, ili pointi nilizokusanya kwa kuomba kila mwaka zibaki.

Usiseme huendi. Ukisema huendi nitashuka hapa kwa miguu nikutandike. Mchukue mjomba Dell. Mpe darubini ya macho mawili, akae upande wako wa kulia, awe jicho lako la upande huo. Najua hajawahi kuua hata nzi. Haui yeye, anatazama tu. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo hapa.

Niandikie kila kitu. Kila hatua.

Kesley


Alder Fork
4 Oktoba 2024

Kesley, Kesley, Kesley!

Barua yako imefika tarehe 24, tumeshapakia gari. Nililia dakika kumi, nikamkabidhi Dell ile darubini. Akaitazama kama mtu aliyepewa nyoka. "Mimi?" "Wewe." "Na nikiona kulungu nifanye nini?" "Niambie yuko wapi, kwa kunong'ona." Akasema kwenye kwaya hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona.

Siku mbili za kwanza tuliona majike tu. Dell aliwaamkia wote. Siku ya tatu, asubuhi, tumeketi pembeni ya miti ya aspeni, majani ya njano yanaanguka kama chapati, akanifinya paja kwa nguvu hadi leo pana alama.

"Verla. Kulia. Mama yangu, Verla."

Nikageuza kichwa kizima, kama bundi. Dume, mwanangu. Pembe kama kiti cha kubembea. Nililiinua gobori bega la kushoto, kinundu kikatulia nyuma ya bega lake, safi kabisa.

"Yadi ngapi?" nikamuuliza. Tulikuwa tumepima kila mti tulipofika.

"Amesimama kwenye ule mti uliovunjika. Mia na kumi. Mpige!"

"Mbali."

"Mpige, mwanamke! Miaka kumi na saba!" Dell huyu huyu! Aliyebeba buibui kwa kikombe kumtoa nje! Uso umemwiva kama nyanya.

Kwenye tundu dume yule alikuwa mdogo, na kinundu kilimfunika nusu ya bega. Nilikukumbuka wewe na mawe ya Spindle. Nikashusha bunduki. Akatembea taratibu, akapanda kilima, akaenda zake. Dell hakusema nami hadi chakula cha mchana. Halafu akasema, "Lakini alikuwa mzuri, sivyo?" Nikasema alikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Na sikuwa na huzuni! Nilishangaa. Nilikuwa nimeona kila unywele wake, mimi niliyedhani sitaona tena.

Siku ya tano na ya sita tulinyeshewa. Baruti nilifunga kwa mfuko wa mkate. Siku ya saba jua likatoka, mlima ukawa unatoa mvuke. Tulikuwa tunashuka kurudi kambini kula, Dell mbele, akinieleza jinsi ya kuwatega panya wa kinanda, ghafla akasimama nikamgonga mgongoni. Safari hii alinong'ona kweli, karibu bila pumzi: "Kushoto kwako, Verla. Upande wako mzuri."

Dume mdogo, kila pembe matawi matatu, anakula majani kwenye uwazi. Hatua arobaini na mbili, nilizihesabu baadaye. Nilipiga goti. Nikavuta nyundo nikiibana isilie. Shavu likaenda lenyewe mahali pake. Duara likafifia, kinundu kikatulia, kulungu akainua kichwa, nikafyatua.

Moshi! Mweupe, mzito, sikuona kitu, wala kwa jicho zuri wala kwa bovu. Huo ndio wakati niliouogopa tangu Juni. Nikawa nasema, "Dell, Dell, amekwenda wapi, Dell?" na simsikii Dell. Kumbe ameshaingia ndani ya moshi, miaka sitini na tisa, na goti lake la chuma, anakimbia! Nikasikia sauti yake, ile ya kanisa, mlima mzima ukaisikia: "AMELALA! VERLA, AMELALA HAPA! HAKUTEMBEA HATA HATUA!"

Nilipofika alikuwa ameshavua kofia. Risasi ilikuwa nyuma tu ya bega, pale pale kinundu kilipokuwa. Nilimwekea mnyama mkono ubavuni, bado wa moto, nikamshukuru. Dell akapiga magoti upande wa pili, akasema sala fupi, kisha akanitazama na kusema, "Sasa tunafanya nini?" Nikamwonyesha. Alishika miguu, akafumba macho, akafumbua, akaendelea kushika. Tulimbeba mara tatu hadi garini, tukicheka kila tulipoanguka, na tulianguka mara nyingi.

Juzi nilikwenda kwa Priya, sindano ya pili. Anasema la kulia halitarudi lilivyokuwa, ila limeacha kwenda. Nilimpelekea paja la kulungu kwenye kikapu. Wagonjwa wote mapokezini walitaka kujua limepigwa vipi, nikawaeleza mmoja mmoja mpaka muuguzi akaja kuniondoa.

Nyama yako ipo kwenye friza, nusu nzima, imeandikwa jina. Soksi za mama yako nazo zipo. Mungu ashushe theluji juu ya mioto hiyo, uje.

Na jambo la mwisho, Dell asione ninaandika. Jana alikwenda peke yake kwa LaMar, akidhani niko kwa mama yako. Amejiandikisha kozi ya wawindaji wapya, kila Alhamisi, darasa moja na watoto wa miaka kumi na miwili. Ameniachia fomu ya kibali cha mwakani mezani, chini ya bakuli la matunda, kama bahati mbaya vile. Ameshajaza kwa mkono wake, herufi kubwa ili nisome bila taabu. Majina matatu.

Verla